Usafi wa Tokyo Ulipiganiwa

Mtu wa kwetu akirudi kutoka Japani huja na hadithi tatu: treni haichelewi, barabarani huoni hata karatasi ya pipi, na pochi iliyoanguka hurudi kwa mwenyewe ikiwa na hela zote. Wasikilizaji hutikisa vichwa. Kisha mmoja wao husema neno la kufunga mjadala: "Wale wenzetu wameumbwa hivyo." Nimelisikia neno hilo Dar es Salaam na nimelisikia Nairobi. Baada ya kutembea Tokyo na Osaka, kutazama na kuuliza, naliona kuwa neno lenye madhara. Linawapa Wajapani sifa ya kuzaliwa nayo kwa jambo walilolihangaikia, na linatusamehe sisi, pamoja na wanaotutawala, kwa uzembe usiostahili msamaha.

Mshangao wenyewe ni wa kweli, sikatai. Kituo cha Shinjuku kina milango zaidi ya 200 na hupitisha watu wapatao milioni tatu kwa siku. Saa mbili asubuhi umati huo unapita na husikii mtu akimfokea mwenzake. Mistari iliyochorwa sakafuni inaonyesha mlango wa behewa utakaposimama, na abiria wamejipanga juu yake wakisubiri wanaoshuka washuke kwanza. Ndani ya treni simu hazilii, kwa kuwa matangazo yanawakumbusha watu kuzima mlio na kutozungumza nazo. Mfanyakazi wa reli mwenye glavu nyeupe ananyoosha kidole kuelekea taa ya ishara na kutamka kwa sauti anachokiona, ingawa hakuna anayemsikiliza. Mgeni anaweza kudhani ni ibada. Kumbe ni kanuni ya kazi iliyoanza enzi za treni za mvuke: jicho peke yake huzoea na kupitiliza, lakini jicho, kidole na mdomo vikifanya kazi pamoja, makosa hupungua sana.

Kidole kile ndicho kilichonifanya nianze kuuliza, kwa kila nilichokiona, nani alikianzisha, mwaka gani, na nani anakilipia. Nilichokuwa nikikiita tabia kilianza kuwa na tarehe.

Nianze na taka, maana hapo ndipo dai la "wameumbwa hivyo" linapoanguka vibaya zaidi. Mgeni wa Tokyo huona mambo mawili yasiyopatana: mji ni msafi, na mapipa ya taka hayaonekani. Mengi yaliondolewa kwenye vituo vya treni baada ya tarehe 20 Machi 1995, siku ambayo wafuasi wa kundi la kidini la Aum Shinrikyo walimwaga sumu ya sarini ndani ya treni za chini ya ardhi na kuua watu zaidi ya kumi. Tangu hapo mtu hubeba chupa yake tupu na karatasi ya mkate mpaka nyumbani. Na nyumbani kazi ndiyo kwanza inaanza. Taka za kuungua zina siku zake, plastiki zina siku yake, na chupa na makopo vivyo hivyo. Mifuko huwekwa asubuhi mahali maalumu pa mtaa, ikafunikwa kwa wavu ili kunguru wasiichane. Mfuko uliopangwa vibaya unabandikwa stika na kuachwa palepale, kila jirani auone. Katika mitaa mingi wakazi hushika zamu ya kufagia mahali hapo.

Sasa rudi nyuma miaka sitini. Tokyo ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa na mito iliyonuka, hewa nzito ya moshi wa viwanda, na taka zilizokuwa zikipelekwa kwa malori kumwagwa ufukweni katika kata ya Koto, upande wa mashariki. Sehemu moja ya jalala hilo iliitwa Yumenoshima, yaani Kisiwa cha Ndoto. Mwaka 1965 nzi waliozaliana pale walivamia nyumba na shule za Koto, hadi wenye mamlaka wakaamua kulichoma moto jalala lenyewe ili kuwaangamiza. Wakazi wa Koto walikuwa wakivumilia uvundo, nzi na misururu ya malori kwa ajili ya taka ambazo nyingi hawakuzizalisha wao. Zilitoka pia kwenye kata za magharibi zenye nyumba nzuri, mojawapo ikiwa Suginami, ambako wakazi wa eneo la Takaido walikuwa wamekataa katakata kujengewa tanuri la kuchomea taka.

Mwaka 1971 gavana wa Tokyo, Ryokichi Minobe, alitangaza kile alichokiita vita vya taka. Koto ilichoka kusubiri. Mwaka 1972, na tena 1973, watu wake wakiongozwa na madiwani walisimama barabarani na kuyarudisha malori yaliyotoka Suginami. Taka zikaanza kurundikana kwenye mitaa ya wale waliokuwa hawataki kuziona. Suluhu ya mahakamani ilipatikana mwaka 1974, na tanuri la Suginami likakamilika mwaka 1982. Joto lake hutumika hadi leo kupasha maji ya bwawa la kuogelea la umma lililo jirani. Hoja iliyoshinda katika ugomvi ule ni kwamba kila kata ibebe mzigo wa taka zake. Leo kata 23 za Tokyo zina matanuri takribani ishirini, mengine yakiwa katikati kabisa ya makazi ya watu, na mabomba yao ya moshi unayaona ukiwa ndani ya treni.

Nimelieleza jambo hili kwa kirefu kwa makusudi. Usafi ule ulipatikana kwa sababu watu wa upande mmoja wa mji walikataa kuwa jalala la upande mwingine, na serikali ikalazimika kuwasikiliza. Hata sheria za mazingira za nchi nzima zina historia ya namna hiyo. Ugonjwa wa Minamata, uliosababishwa na zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda, ulitambuliwa mwaka 1956. Ilikuwa mpaka mwaka 1970, baada ya miaka ya wagonjwa kuandamana na kwenda mahakamani, ndipo bunge lilipopitisha sheria 14 za kudhibiti uchafuzi katika kikao kimoja.

Mitaa ya makazi nayo ina kisa chake. Ni myembamba, mingi haina njia ya waenda kwa miguu, na ndani yake utamwona mtoto wa miaka saba amevaa kofia ya njano na begi kubwa la ngozi mgongoni, anakwenda shule bila mzazi. Wageni hupiga picha na kusifu uaminifu wa jamii. Mimi nilivutiwa zaidi na kile ambacho hakikuwepo: hakuna gari lililoegeshwa kando ya barabara. Sheria ya mwaka 1962 inamtaka anayesajili gari athibitishe kwamba ana mahali pa kuliegesha karibu na nyumba yake, na uthibitisho huo unapitia polisi. Huna maegesho, huna gari. Barabara ya mtaa haihesabiwi kuwa gereji ya mtu.

Hata hivyo sheria hiyo haikutosha peke yake. Mwaka 1970 watu 16,765 walikufa katika ajali za barabarani nchini Japani, wakiwemo maelfu ya watembea kwa miguu, na magazeti yakaiita hali hiyo vita. Ndipo ukaja msukumo wa vivuko, madaraja ya kuvukia, taa na njia rasmi za watoto kwenda shule, pamoja na watu wazima wa kusimama kwenye vivuko asubuhi wakiwa na bendera za njano. Mwaka 2023 waliokufa barabarani walikuwa 2,678, katika nchi yenye magari mengi zaidi kuliko ya mwaka ule wa 1970. Yule mtoto wa kofia ya njano anatembea peke yake kwa macho ya mgeni tu. Nyuma yake kuna njia iliyopangwa na shule, wazee wanaojitolea kwenye kona, na nusu karne ya bajeti.

Hapa sisi wa Afrika Mashariki tunahusika kuliko tunavyofikiri. Gari jipya Japani hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo ni ghali, na gari linapozeeka kodi zake nazo hupanda. Mwenye gari hupiga hesabu na kuona heri auze. Ndiyo sababu bandari za Dar es Salaam na Mombasa zinapokea Toyota zilizo katika hali nzuri, baadhi zikiwa bado na stika za ukaguzi za Kijapani kwenye kioo na redio inayomsalimia dereva kwa lugha asiyoielewa. Kenya inakataa gari lililozidi miaka minane. Kwa maneno mengine, tumepokea matokeo ya sheria yao, ambayo ni gari, na sheria yenyewe tukaiacha bandarini kwao. Gari lile lile ambalo Nagoya lisingesajiliwa bila maegesho, Kariakoo linapanda juu ya njia ya waenda kwa miguu, na mama mwenye beseni kichwani anashuka barabarani kulizunguka.

Kuhusu treni, watu huzungumzia mwendo na dakika. Mimi naona la kuzungumzia ni fedha. Shinkansen, yaani reli ya treni za kasi, ya Tokyo hadi Osaka, umbali wa kilomita 515, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964, siku tisa kabla ya Olimpiki ambayo Wilson Kiprugut aliipatia Kenya medali yake ya kwanza, shaba ya mita 800. Sehemu ya gharama ililipwa kwa mkopo wa dola milioni 80 kutoka Benki ya Dunia, deni lililomalizika kulipwa mwaka 1981. Japani ilijenga reli ile maarufu ikiwa nchi inayokopa. Mwaka huo huo wa 1964 shirika la reli la taifa lilianza kupata hasara, na halikutoka tena humo. Lilipovunjwa mwaka 1987 na kugawanywa kuwa kampuni kadhaa, deni lilikuwa yeni trilioni 37, na mzigo mkubwa ukamwangukia mwananchi. Mvutaji sigara wa Japani analipa kodi maalumu kwa ajili ya deni hilo tangu mwaka 1998.

Lakini kuna reli nyingine, za kampuni binafsi, na zilitangulia kwa mbali. Mwaka 1910 Ichizo Kobayashi alifungua njia ya treni kutoka Osaka kwenda kwenye vijiji ambako abiria walikuwa wachache. Alinunua ardhi kando ya reli, akajenga nyumba na kuziuza kwa malipo ya kidogo kidogo. Mwisho wa njia, Takarazuka, akaanzisha maonyesho ya waimbaji wasichana ili watu wa mjini wawe na sababu ya kusafiri siku za mapumziko. Mwaka 1929 akafungua duka kubwa la ghorofa juu ya kituo chake cha Umeda. Asubuhi treni inapeleka wafanyakazi mjini, mchana inaleta wanunuzi, Jumapili inabeba familia kwenda matembezini. Kampuni nyingi za reli za Tokyo na Osaka zimefuata njia hiyo mpaka leo. Thamani ambayo reli huiongeza kwenye ardhi hurudi kuilisha reli. Ongeza jambo moja: waajiri wengi humlipia mfanyakazi nauli ya kwenda kazini, na serikali haitozi kodi kwenye posho hiyo hadi yeni 150,000 kwa mwezi. Mtu wa Tokyo anapanda treni kwa sababu hesabu zote zimepangwa zimpeleke huko.

Tanzania na Kenya sasa zina SGR, na Dar es Salaam ina mwendokasi. Viwanja karibu na vituo vinapanda bei, madalali wanajua, wenye uwezo wananunua mapema. Reli inabaki na tiketi na deni. Katika safari zote ambazo wakuu wetu wamefanya Japani kutazama treni, natamani wangeuliza pia habari za viwanja.

Hayo ni ya kusifu. Sasa bei yake. Tarehe 25 Aprili 2005, huko Amagasaki karibu na Osaka, dereva wa treni mwenye umri wa miaka 23 alipitiliza mahali pa kusimama katika kituo kimoja na kuchelewa kama dakika moja na nusu. Akaongeza mwendo. Akaingia kwenye kona yenye kikomo cha kilomita 70 kwa saa akiwa na kilomita 116. Mabehewa yakatoka relini na kugonga jengo la makazi. Walikufa watu 107, yeye akiwemo. Uchunguzi ulionyesha kwamba madereva waliochelewa walikuwa wakipelekwa kwenye mafunzo yaliyokuwa adhabu hasa: kukemewa na kuandika maelezo ya kujilaumu siku baada ya siku. Yule kijana alishayapitia na alikuwa akiogopa kuyarudia. Kila ninaposikia mtu akizisifu dakika za treni za Japani, nakumbuka hofu ya dereva yule.

Na ukimya wa ndani ya treni, ambao mimi pia niliupenda, una upande ambao mwanamke wa Tokyo anaujua. Kwenye sakafu ya vituo kuna alama za rangi ya waridi zinazoonyesha behewa la wanawake peke yao, na mabehewa hayo yalienea Tokyo mwaka 2005. Sababu ni wanaume wanaowapapasa wanawake na wasichana wa shule katika msongamano wa asubuhi. Ukimya unaompumzisha mgeni ndio uliomlinda mkosaji kwa miaka mingi, kwa kuwa aliyedhulumiwa alifunzwa pia kutosumbua wengine. Serikali na kampuni za reli zilipochukua hatua, zilitenga behewa. Polisi wamesambaza programu ya simu inayopaza sauti kwa niaba ya mwathirika. Ni msaada, lakini hali inayomlazimu msichana kuazima sauti ya simu si hali ya kuisifia adabu.

Pochi inayorudi nayo ina maelezo. Mwaka 2023 polisi wa Tokyo walipokea vitu zaidi ya milioni nne vilivyookotwa. Sheria inampa aliyeokota haki ya kudai kati ya asilimia 5 na 20 ya thamani, na mwenyewe asipojitokeza ndani ya miezi mitatu, kitu kinaweza kuwa cha aliyekiokota. Nchi nzima ina vituo vidogo vya polisi vya mitaani, koban, zaidi ya 6,000. Mtoto akiokota sarafu anajua pa kuipeleka, ni pale kwenye kona, na askari ataandika kwenye fomu kwa uzito ule ule wa pochi iliyojaa. Uaminifu upo, sipingi. Umepewa mlango wa kupitia.

Je, nasema basi kwamba utamaduni si kitu? La. Shuleni watoto hufagia madarasa yao na kusugua vyoo, na hugawiana chakula cha mchana wakiwa wamevaa aproni nyeupe. Mtu aliyefanya hivyo tangu darasa la kwanza hatupi ganda dirishani kwa wepesi. Utamaduni unafundishwa kila siku ya shule, kwa ratiba. Na haufanani kila mahali kama wageni tunavyodhani. Kwenye ngazi za umeme watu wa Tokyo husimama kushoto na wa Osaka kulia, na wote wawili huacha upande mmoja kwa wanaokimbia. Mkoa wa Saitama uliona watu wanaanguka, ukatunga kanuni mwaka 2021 ya kuwataka wote wasimame. Zoea hilo halijaisha, wanaendelea kubishana nalo. Jamii yenye asili moja isingehitaji mabishano hayo.

Mgeni anayefika leo anakuta pia mashine hii imeanza kukosa mikono. Watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi ni asilimia 29 ya Wajapani wote, na mwaka 2024 watoto waliozaliwa hawakufika 700,000. Desemba 2023 kampuni moja ya mabasi mkoani Osaka ilifunga njia zake zote kwa kukosa madereva, si katika kijiji cha milimani bali kando ya mji wa pili kwa ukubwa wa uchumi nchini. Maduka madogo ya saa 24, yapatayo 55,000, yalikuwa fahari ya maisha ya mjini tangu miaka ya 1970. Mwaka 2019 mwenye duka mmoja wa Higashiosaka alianza kufunga usiku baada ya kukosa wafanyakazi, na kampuni mama ikamtishia kumtoza mamilioni ya yeni. Nchi nzima ikaanza kuuliza nani hasa anaubeba ule urahisi wa kununua onigiri, tonge la wali, saa nane usiku.

Jibu liko nyuma ya kaunta. Jina kwenye kifua cha muuzaji mara nyingi ni la Kinepali au la Kivietnamu. Ni mwanafunzi anayeruhusiwa kufanya kazi saa 28 kwa wiki. Anainama kwa kiwango kile kile, anapokea hela kwenye kisahani, anarudisha chenji kwa mikono miwili, anatamka salamu zote zinazotakiwa. Kwa mgeni kutoka Mombasa huyo ni adabu ya Kijapani yenyewe, na kweli ndiyo: amefundishwa kama Mjapani wa jirani yake alivyofundishwa. Wafanyakazi wa kigeni walikuwa zaidi ya milioni 2.3 mwezi Oktoba 2024. Walio katika mpango wa mafunzo ya kazi, wanaovuna mboga na kusindika samaki, hawaruhusiwi kuleta wake, waume wala watoto.

Julai 2025 chama cha Sanseito kilishinda viti 14 katika uchaguzi wa Baraza la Juu la bunge kwa kaulimbiu ya "Wajapani Kwanza". Wanaoishabikia kaulimbiu hiyo wanasema wanaulinda utaratibu wa nchi yao. Basi waseme nani atashika zamu ya usiku kwenye lile duka, kwa ujira gani, na kwa nini anayefaa kuuhudumia mji asifae kuishi humo na familia yake.